Nani Ana Haki ya Kumuuliza Mchungaji?

Tangu jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi limkabidhi Rais William Ruto ripoti yake Julai 2024, mjadala kuhusu makanisa nchini Kenya umekwama kwenye swali moja: je, serikali inataka kuingilia ibada? Pendekezo linalowakera wengi ni lile la kutaka kila kanisa liwe chini ya mwavuli, yaani chama cha makanisa kinachotambuliwa na sheria, ambacho kitakuwa na wajibu wa kuwasimamia wanachama wake. Kutoka Kondele mjini Kisumu hadi Kaptembwo mjini Nakuru, wachungaji wamegawanyika. Wapo wanaosema Farao amerudi. Wapo pia wanaofurahi kimyamimya kwamba hatimaye tutakuwa wamoja, kama Bwana alivyoomba katika Yohana 17. Nadhani pande zote mbili zimelisoma jambo hili vibaya. Kiini chake ni uhusiano wa kanisa na kanisa, na serikali imeingia tu kwa sababu mahali pale palikuwa patupu. Swali ni kama mchungaji wa mtaa huu ana haki ya kuvuka barabara na kumuuliza mwenzake anafundisha nini, sadaka inakwenda wapi, na yule binti aliyeletwa kuombewa mbona hajarudi kwao hadi leo. Haki hiyo hatuna. Hatukuipoteza Shakahola, sisi wa Nyanza na Magharibi tumeishi bila hiyo kwa karibu miaka mia moja, na historia yetu inaivuruga dhana tunayoipenda sana, kwamba uamsho ukija, umoja utaufuata wenyewe.

Tuanze na Shakahola kwa sababu ndiyo iliyoleta haya yote. Miili zaidi ya 400, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa, ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi kuanzia Aprili 2023, na mengi yaliyosemwa tangu wakati huo yanadokeza kwamba tatizo lilikuwa makanisa yanayochipuka bila karatasi. Lakini kanisa la Paul Mackenzie, Good News International, lilikuwa na karatasi. Lilikuwa limesajiliwa na Msajili wa Vyama, na usajili wake ulifutwa Mei 2023, makaburi yakiwa tayari yamefunguliwa. Kwa hiyo anayesema usajili ungewaokoa watu wale ana kazi ya kutueleza kwa nini usajili uliokuwepo haukuwaokoa. Cheti humwambia Msajili jina la mwenyekiti na la mweka hazina. Hakimwambii kwamba waumini wamefundishwa kuwatoa watoto shuleni na kukataa hospitali. Mambo ya namna hiyo huonwa na jirani, na huonwa mapema zaidi na jirani ambaye naye ni mchungaji, maana anaijua lugha inayotumika na anaweza kusikia pale mahubiri yanapopinda.

Si mara ya kwanza kufika hapa. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alipochapisha kanuni za kuwataka viongozi wa dini wawe na masomo ya theolojia na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, Wakatoliki, Waprotestanti na Waevanjelisti walisimama bega kwa bega, Waislamu wakiwa pamoja nao, na Januari 2016 kanuni hizo zikaondolewa. Ulikuwa umoja wa kupendeza, nao ulidumu muda uleule uliodumu tishio. Baada ya ushindi kila mmoja alirudi kwenye madhabahu yake, na hakuna aliyeuliza: kama tumemkataza polisi kutukagua, sasa sisi wenyewe tutakaguana vipi?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo halikuulizwa, inafaa kurudi nyuma kidogo. Kanisa la Kiprotestanti katika Kenya ya Magharibi lilianza kwa mapatano ya mipaka. Friends, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Waadventista walianza Gendia mwaka 1906, na mwaka huohuo J. J. Willis wa CMS, misheni ya Kianglikana, akaanzisha kituo cha Maseno. Church of God wakakita Kima, Bunyore. Baadaye Wapentekoste wakashika Nyang'ori. Misheni kubwa za Kiprotestanti zilielewana kwamba huyu asiingie kwa yule, ili wasigombanie watu mbele ya Waafrika na wasiwaachie Wakatoliki wa Mill Hill nafasi, kwa kuwa hao hawakuwa ndani ya mapatano. Ramani ile ipo mpaka leo. Ukiambiwa mtu anatoka Maragoli, Bunyore au Butere, unaweza kukisia kanisa la nyanya yake kabla hajalitaja. Ulikuwa utaratibu wa amani na ulifanya kazi. Ila ulitufundisha kwamba majirani wema ni wale wasioingiliana, na ulilifunga dhehebu kwenye ukoo na kijiji kiasi kwamba mwana akihamia kanisa jingine wazazi huona amewakana.

Willis mwenyewe aliona kasoro hiyo. Akiwa sasa Askofu wa Uganda, aliongoza mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu mwaka 1913 kutafuta shirikisho la kweli la makanisa, na mwisho wake Waanglikana walishiriki meza ya Bwana pamoja na wenzao katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na ugomvi ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Shirikisho lililokusudiwa halikupatikana. Kilichopatikana ni ushirikiano wa kazi: muungano wa misheni mwaka 1918, shule ya Alliance mwaka 1926, Baraza la Kikristo mwaka 1943 ambalo leo tunaliita NCCK. Sidharau hata kimoja kati ya hivyo. Lakini tazama vyote vimejengwa juu ya nini: shule, hospitali, misaada, matamko. Miaka ya 1960 Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Walutheri na Wamoravian wa Afrika Mashariki walikaa kuzungumzia kanisa moja, na mazungumzo yakafifia bila matunda. Walipofika kwenye swali la nani atamsimamia nani, hawakuvuka.

Wakati wakubwa wakikaa mikutanoni, Roho hakusubiri ajenda. Mwaka 1927 Kaimosi ilitikiswa. Arthur Chilson, mmoja wa waasisi wa misheni ile, alihubiri kuhusu kuungama na kumpokea Roho Mtakatifu, na watu wakapokea kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia: vilio, kunena kwa lugha, dhambi zikitajwa hadharani mbele ya wake na wakwe. Viongozi wa misheni na baadhi ya wazee Waafrika waliogopa, wakapiga marufuku, na walioamshwa wakajikuta nje. Ndiyo asili ya makanisa ya Roho tunayoyaona Vihiga na Kakamega hadi leo. Daudi Zakayo Kivuli, aliyekuwa mtumishi wa Wapentekoste wa Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, na kila ukipita barabara ya Kisumu kwenda Kakamega unaweza kukutana na waumini wake na vilemba vyeupe, bendera na ngoma. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulipoingia Nyanza uliligawa Kanisa la Anglikana kati ya Joremo (watu wa damu) na Johera (watu wa upendo), na mwisho wa miaka ya 1950 kasisi Matthew Ajuoga akatoka na maelfu ya watu kuunda Church of Christ in Africa. Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakawatoa maelfu wengine katika Kanisa Katoliki na kuunda Legio Maria. (Jambo linalonichekesha kila mara: Roma ilipoanza kuiweka Misa katika lugha za watu, Legio walibaki na Kilatini chao.)

Hapa ndipo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu inapoanguka. Utaisikia katika kila kesha na kila krusedi: makanisa yamegawanyika kwa sababu yamepoa, tukipata uamsho wa kweli, kuta za madhehebu zitaanguka. Katika eneo hili ushahidi unakwenda upande wa pili. Kuta nyingi za madhehebu tulizo nazo zilijengwa na uamsho. Watu waliopoa hawana sababu ya kuondoka. Wanakaa kwenye viti vyao, wanatoa sadaka ndogo, wanasubiri kuzikwa. Anayeondoka ni yule aliyewaka moto akakuta nyumba haina mahali pa kuuweka. Wala usiniambie ule haukuwa uamsho wa kweli kwa sababu ulizaa mgawanyiko. Kwa kipimo hicho utalazimika kumkana hata Paulo, aliyetengana na Barnaba kwa ugomvi mkali katika Matendo 15, muda mfupi tu baada ya mkutano wa Yerusalemu uliokuwa umeamua jambo kubwa kwa umoja.

Ndugu yake hoja hiyo ni ile inayosema makanisa mengi ni uroho mtupu, kila mtu anatafuta sadaka yake. Wapo wa namna hiyo, tena wengi. Nakuru na Kisumu tunawajua kwa mabango yao. Lakini ukiwaweka Kivuli, Ajuoga na Aoko katika kapu hilohilo umewaonea. Waliondoka kwa mambo mazito: nani anaweza kutabiri, mwanamke anaweza kusimama wapi, Mwafrika atakuwa chini ya uongozi wa Mzungu hadi lini. Tukumbuke pia kwamba mgawanyiko usio na uamsho wowote ndani yake upo. Friends wa Bungoma walianza safari yao ya kujitenga na East Africa Yearly Meeting, chombo chao kikuu, mwaka 1973 kwa sababu zilizohusu zaidi vyeo, mali na kabila, na leo Friends wa Kenya, ambao ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, wana mikutano ya mwaka mingi iliyotengana. Ukitaka kulaumu tamaa, anza na hapo, ambako kila kitu kilifanyika kwa kumbukumbu za vikao na barua zenye mihuri.

Wanaopinga mwavuli wana hoja moja ambayo ni nzito, na wanaoitetea sheria hawajaijibu vizuri. Katiba, kwenye Ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri na dini, na Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Zaidi ya maandishi kuna kumbukumbu. Fikiria mwaka 1942 kungekuwa na sheria kwamba kanisa jipya lazima likubaliwe na chama cha makanisa yaliyopo. Nani angempokea Kivuli na vilemba vyake? Mwaka 1963 nani angempokea Aoko, mwanamke kijana aliyekuwa akibatiza? Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, dini ya Kiafrika iliyoupinga ukoloni, mwaka 1948, na wamisionari wengi hawakuhuzunika. Kisha tazama ilivyokuja kuwa: Nineveh lilipokewa katika Baraza la Makanisa Duniani mwaka 1975. Kanisa ambalo kizazi kimoja kingeliita wazimu, kizazi kilichofuata kililiita mshirika. Mlinzi wa mlango akiwa ni yule aliyefika kwanza, Roho atazuiwa mlangoni mara nyingi kuliko mwizi.

Hoja hiyo ninaikubali, ila haitoshi kututuliza. Uhuru wa kuanzisha kanisa ni jambo moja. Uhuru wa kutoulizwa ni jambo jingine, na wachungaji wetu wengi wameyachanganya makusudi. Katika Wagalatia 2 Paulo anasimulia alivyompinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya watu wote, kwa sababu alikuwa amejitenga na meza ya waumini wasio Wayahudi. Petro alikuwa nguzo na Paulo alikuwa amechelewa kufika, lakini hakuna aliyesema "usimguse mtiwa mafuta wa Bwana". Kwetu sentensi hiyo ndiyo ufunguo wa kila sanduku la sadaka. Nabii akiulizwa amejenga jumba kwa fedha gani, anajibu kwa kukutisha na laana, na mchungaji jirani anayejua ukweli ananyamaza kwa kuwa ya mwenzake hayamhusu. Mipaka ya misheni ilikufa zamani, lakini adabu yake ya kutoingiliana ilibaki.

Kuna mfano wa uamsho usiovunja nyumba, na ajabu ni kwamba ni uleule wa Gahini. Sehemu nyingi za Kenya nje ya Nyanza, wale ndugu hawakutoka makanisani mwao. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, wakawa wanakutana kwa ushirika wao kila wiki. Katika ushirika huo mhudumu wa jikoni angeweza kumwambia kasisi kwamba amemdanganya mkewe, na kasisi angetakiwa kujibu palepale. Waliita hilo kutembea nuruni. Lilikuwa na kero zake: liliweza kugeuka umbea, na wazee wake wakawa wakali kuhusu mavazi na nywele kuliko kuhusu haki. Lakini lilikuwa na kitu ambacho mwavuli wa Nairobi hauwezi kukitoa: watu wanaojuana kwa sura, wa madhehebu tofauti, waliopeana ruhusa ya kuulizana. Palipokuwa na ruhusa hiyo, moto ulikaa ndani ya nyumba. Huku kwetu ruhusa hiyo iligongana na malalamiko dhidi ya uongozi wa Wazungu katika dayosisi, na kila upande ukaitumia kumhukumu mwingine bila kujiruhusu kuhukumiwa.

Kwa upande wa fedha na siasa, kukosekana kwa ruhusa hiyo kunaonekana waziwazi. Septemba 2021, siku ya kumsimika Rose Okeno huko Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari na kusema ndiyo itakuwa kanuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Hayo ni mambo makubwa, yaliyohitaji ujasiri. Lakini Machi 2025 kanisa jingine huko Roysambu likapokea ahadi ya shilingi milioni 20 kutoka kwa Rais huyohuyo, vijana wakaandamana nje. Mlango mmoja ukifungwa, mwanasiasa anavuka barabara hadi wa pili, na aliyefunga hana la kumwambia aliyefungua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ndivyo tulivyoingia katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2008 pia. Februari mwaka huo NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kukabiliana na yaliyotokea kwa kuwa walikuwa wameegemea upande. Kukiri huko kulikuwa kwa kweli, ila kulikuja Nakuru na Naivasha zikiwa zimekwisha kuwaka, na kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret limechomwa likiwa na watu waliolikimbilia.

Huku chini, wakati huohuo, umoja upo bila baraka ya mtu yeyote. Nilihudhuria mazishi Vihiga ambako marehemu alikuwa wa Friends, mjane wa Church of God, mwana mkubwa ni nabii wa kanisa lake mwenyewe mjini Kisumu, na dada wa marehemu ni Mkatoliki aliyekuja na jumuiya yake nzima. Wanaume walibishana karibu saa nzima kuhusu nani ashike programu. Akina mama walikuwa wamekwisha kugawana kuni, unga na nyimbo. Hata mchango ulikuwa na daftari moja, na ulisomwa kwa sauti, senti kwa senti, mbele ya waliochanga wote. Yule nabii alisomewa kiasi chake kama wengine, akaulizwa mbona amepunguza kile alichoahidi, akajibu. Sijawahi kumwona akiulizwa hivyo kanisani kwake.

Ukiyaweka haya pamoja, unafika kwenye jambo ambalo wabunge hawajalifikiria na makanisa hayajalidai. Kama lazima iwepo miavuli, ifuate mahali badala ya dhehebu. Chama cha makanisa yanayofanana kimafundisho, chenye makao makuu Nairobi, kitarudia mapatano ya mipaka ya misheni bila uzuri wake: kila mtu na eneo lake, kila mtu na wake wa kuwalinda. Kitawapokea wanaolipa ada na kuwatetea wanapotuhumiwa, kama vyama vyote vifanyavyo. Lakini ushirika wa wachungaji wa wadi moja, uwe na padri wa parokia, mchungaji wa PAG (Pentecostal Assemblies of God), mzee wa Adventista, mama wa Roho na kijana mwenye kanisa la mabati lililofunguliwa mwaka jana, hauwezi kudanganywa kirahisi. Wanajua nani ameacha kupeleka watoto hospitali. Hauwezi pia kumfungia mlango Kivuli mpya, kwa sababu hauamui mafundisho. Unauliza tu mambo ambayo jirani yeyote ana haki ya kuyauliza. Padri atasema sheria za kanisa lake hazimruhusu kusimamiwa na mtu wa Roho, na ni kweli. Lakini kuulizwa kuhusu daftari la sadaka hakumwondolei mtu upadri.

Pingamizi gumu zaidi litatoka kwa wale wanaoombea umoja kwa sauti kubwa. Umoja wa jukwaani, wa maaskofu kushikana mikono kwenye Wiki ya Maombi ya kila Januari, haumgharimu mtu kitu. Huu unaanza kwa kuufungua mfuko wako mwenyewe kabla hujauliza wa mwenzako, na uchaguzi wa Agosti 2027 umekaribia, wakati ambapo bahasha huwa nene na maswali huwa hayatakiwi. Wachungaji wa Kaptembwo au wa Nyalenda wangeweza kuanza na jambo moja dogo bila kumsubiri Spika: kila mwezi kusomeana majina ya wanasiasa waliotoa fedha kanisani na kiasi walichotoa, mbele ya waumini wa makanisa yote yaliyopo. Wangegundua upesi nani anataka umoja. Lakini sheria ikipita kama ilivyopendekezwa, na miavuli ikawa ya Nairobi, mchungaji wa Rhonda atalipa ada yake ya mwaka kwa simu, atapata namba ya uanachama, na kasisi anayehudumu mita mia moja kutoka kwake ataendelea kutolijua jina lake.